Kutoka Ndia Kuu hadi Usita wa Mui

Likizo ya Agosti iliyopita nilifunga safari ambayo nilikuwa nimeiahirisha kwa zaidi ya miaka 30. Tulitoka Mombasa kwa gari letu wenyewe, mimi, mama watoto na kitindamimba wetu ambaye ndiye aliyeshika usukani, tukaifuata barabara ya pwani hadi inapokomea Mokowe, ng'ambo ya Lamu. Hatukuwa na dereva wa kukodi wala kiongozi wa watalii. Tulisimama tulipotaka na kuondoka tulipochoka. Nami, kwa sababu ya maradhi ya kazi yangu, nilisoma kila kibao.

Kibao cha kwanza kilitungoja Mji wa Kale, kwenye njia nyembamba inayoanzia karibu na Fort Jesus, ile ngome waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596. Kimeandikwa Ndia Kuu. Simu ya binti yangu, ambayo ndiyo tuliyoikabidhi uongozi wa safari, ililitamka jina hilo kama mtu anayetafuna kokoto. Binti akacheka. "Baba, si wamekosea hapa? Ingekuwa Njia Kuu."

Mimi sikucheka. Swali hilo niliwahi kulijibu zamani, na nililijibu vibaya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya bweni huko bara. Darasani mwangu mlikuwa na mvulana mmoja kutoka Lamu. Niliwapa wanafunzi insha kuhusu safari, naye akaandika kwamba ndia ilikuwa mbovu, kwamba alipofika mui aliona mambo kwa mato yake mwenyewe, na kwamba mtana wa siku hiyo walikula wali wa mtele mpya. Nikachukua kalamu nyekundu nikayazungushia maneno hayo yote, moja baada ya jingine. Nikampa alama 8 kwa 20. Alinijia baadaye na daftari mkononi akasema, kwa adabu ya watu wa kwao, "Mwalimu, nyumbani ndivyo tusemavyo." Nikamjibu, "Basi ukosee huko huko nyumbani." Wenzake wakaangua kicheko. Kwa muda wote uliosalia wa muhula huo, mvulana yule hakuinua mkono tena katika somo la Kiswahili. Hiyo ilikuwa lugha ya mamake. Mimi niliyemsahihisha nilikutana nayo kwa mara ya kwanza shuleni, nikiwa na miaka 7.

Hebu tuyatazame maneno yale kwa makini, jambo ambalo sikulifanya siku ile. Mahali ambapo Kiswahili sanifu kina nj, Kimvita na Kiamu aghalabu huwa na nd inayotamkwa ulimi ukigusa meno: njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Palipo na ch, lahaja hizi huwa na t ya meno: mchana ni mtana, macho ni mato, kichwa ni kitwa, mchele ni mtele. Kiamu kinaendelea mbele zaidi na kuidhoofisha j: moja ni moya, jana ni yana, maji ni mai, mji ni mui. Mtu anayekosea hukosea ovyo, leo hivi na kesho vingine. Mvulana yule hakukosea hata mara moja. Alifuata kanuni ambayo mwalimu wake hakuwa akiijua.

Basi ilikuwaje ndia ikawa kosa? Jibu la swali hilo, kwa kejeli ya historia, liko Mombasa kwenyewe. Ludwig Krapf alifika mjini humo mwaka 1844, na kamusi yake kubwa iliyochapishwa London mwaka 1882 ilijengwa zaidi juu ya Kimvita. Kule Unguja, Askofu Edward Steere na wenzake walikuwa wakiandika Kiunguja. Kwa miaka mingi pande hizo mbili zilivutana kuhusu kipi kingetumika vitabuni na shuleni. Uamuzi ukatolewa mwaka 1928 katika mkutano uliofanyika Mombasa: lahaja ya kusanifishwa ingekuwa Kiunguja. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930 kwa msingi huo. Sababu za kukichagua Kiunguja zilikuwepo na hazikuwa za kipuuzi, kwa kuwa biashara ya misafara ilikuwa imekieneza hadi maziwa makuu na Kongo. Lakini uamuzi wa kiutawala kuhusu lugha ya vitabu uligeuka, kidogo kidogo, kuwa hukumu kuhusu nani anajua Kiswahili na nani hajui. Watu wa Mvita walijikuta wameamkia ugenini wakiwa kwao.

Haya, turudi garini. Tulivuka daraja la Nyali tukashika barabara ya kwenda kaskazini. Vibao vikaanza kupita: Mtwapa, Takaungu, Kilifi. Mgeni huyasoma majina haya kama vituo vya njiani tu. Mwenyeji wa Mombasa huyasoma kama majina ya jamaa. Waswahili wa Mombasa kwa jadi ni Thenashara Taifa, yaani mataifa 12, yenye pande mbili: Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Miongoni mwa hayo tisa wamo Wamvita na Wajomvu, na pia Wamtwapa, Wakilifi, Washaka, Wapate na Wafaza. Kila jina katika hayo matano ya mwisho lina mji wake huko kaskazini, na baadhi ya miji hiyo ni magofu leo. Watu waliihama kwa vita, kwa kukaukiwa na visima, kwa kuandamwa na maadui, wakashuka kusini na majina yao. Kwa hiyo aendeshaye gari kutoka Mombasa kwenda Lamu anaipanda ngazi ambayo wao waliiteremka.

Ng'ambo ya hori la Mtwapa tulikata kulia tukaenda Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 ulioachwa mapema katika karne iliyofuata. Msikiti wake umesimama karibu kabisa na ufuo. Tulikuwa wageni pekee asubuhi hiyo. Jina Jumba la Mtwana si la wale waliojenga. Lilitolewa na waliokuja baadaye, mji ulipokwisha kufa, na wenyewe hawakuacha nyuma mtu wa kutaja jina lao. Mama watoto aliuliza: mji wenye nyumba kubwa hivi unaitwaje kwa jina la mtumwa? Sikuwa na la kumwambia isipokuwa kwamba mji uliokosa msemaji huitwa jina lolote.

Kilifi nilikuwa na kumbukumbu zangu. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, ilikuwa lazima uvuke hori kwa feri. Nakumbuka foleni ya mabasi, wachuuzi wa korosho na maembe, na jua kali ambalo halikujali kwamba una haraka. Feri ilikuchelewesha, lakini ilikufanya uutazame mji kutoka majini, na hivyo ndivyo miji hii ilivyokusudiwa kutazamwa. Juu ya ukingo wa kusini wa hori yapo magofu ya Mnarani, yenye misikiti na makaburi ya nguzo, na jina hilo limetokana na mnara wa kaburi. Aliyekuja na chombo aliuona kwa mbali akajua amefika. Leo unapita darajani kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na ukipiga chafya umeshavuka. Sisi wa magari tunaingia miji ya Waswahili kupitia uani, kisha tunashangaa mbona hatukuuona mlango.

Gede ndiko nilikokaa kuliko kotekote, hadi binti akalala ndani ya gari. Huu ulikuwa mji mkubwa ulioanza yapata karne ya 12 na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Uko bara kidogo, kilomita kadhaa kutoka baharini, ndani ya msitu. Kaburi lake moja lina tarehe inayolingana na mwaka 1399. James Kirkman alifukua hapo kati ya 1948 na 1958, na mwaka 2024 Unesco iliuingiza mji huo katika orodha ya turathi za dunia. Jina Gede ni la Kioromo, lugha ya wafugaji waliofika eneo hilo wakati mji unakufa au umekwisha kufa, na inasemekana maana yake ni kitu cha thamani.

Kilichonigusa zaidi ni majina ya nyumba. Kirkman hakuwa na njia ya kujua zilikuwa za nani, kwa hiyo aliziita kwa vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu ya Kichina. Simlaumu, mwanaakiolojia afanye nini? Lakini fikiria, msomaji wangu, familia iliyoishi ndani ya kuta za mawe ya matumbawe, ikala katika bakuli za kauri zilizotoka China, ikaoza mabinti na kuzika wazee, halafu wanaitwa watu wa mkasi. Vyungu vyao tunavyo, misikiti yao tunayo, hata vyoo vyao tunavyo, ila neno moja kutoka midomoni mwao hatuna.

Malindi tulifika jioni, baada ya takriban kilomita 120 kutoka Mombasa. Mji huu unajulikana kwa wageni wake. Twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415, na Vasco da Gama akatia nanga mwaka 1498 na kupokewa vizuri, tofauti na alivyopokewa Mombasa. Nguzo yenye msalaba ya Wareno ingali imesimama ufuoni na watu hupiga picha mbele yake. Wageni wa sasa ni Wataliano, na maduka na mikahawa mingi imebandika vibao vya Kiitaliano. Hakuna aliyewahi kuwaambia wakosee huko huko kwao. Lakini upo mtaa mjini humo uitwao Mtangani, na nilipoutaja jina mezani, binti yangu, ambaye sasa alikuwa ameshaishika kanuni, alitua uma wake akasema, "Mchangani!" Naam. Unguja mjini kuna Mchangani, Malindi kuna Mtangani, na mchanga ni ule ule.

Asubuhi tulivuka mto Sabaki. Kwa dereva ni daraja tu, tena lenye maji ya rangi ya chai ya maziwa chini yake. Kwa mwanaisimu ni mahali pa kusimamisha gari. Wataalamu waliupa jina la mto huu ukoo mzima wa lugha: Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana, Kikomoro na Kimwani huitwa lugha za Sabaki. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliandika kitabu kikubwa juu ya historia yake mwaka 1993. Wengi wa wataalamu hao wanaona kwamba Kiswahili kilianzia pande hizi za kaskazini, kikasambaa kwa vyombo kwenda kusini. Sisemi kwa hayo kwamba ndia ni kongwe kuliko njia. Badiliko lile la sauti ni la kaskazini na lilikuja baadaye. Ninalosema ni kwamba ndia na njia ni mtu na nduguye. Hakuna kati yao aliyezaliwa kwa kuharibika kwa mwenzake.

Mambrui tulisimama kidogo tu kuliona kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za Kichina. Kisha mashamba ya chumvi, kisha vumbi, kisha joto. Kuanzia Garsen nchi inakuwa tambarare na watu wanapungua. Kwa miaka kadhaa magari ya kwenda Lamu yalilazimika kusindikizwa na polisi kwa sababu ya mashambulizi, na wasafiri wengi waliiogopa njia hii kwa haki. Sasa kuna lami nzuri, ingawa vizuizi vya ukaguzi vingalipo. Askari mmoja alikagua kitambulisho changu, akaniuliza kama ni kweli mimi ni profesa, kisha akaniomba nimweleze tofauti ya "iko" na "ipo". Tulikaa hapo dakika 10.

Kabla ya Witu kuna njia inayokata kulia kwenda Kipini, mdomoni mwa mto Tana. Eneo hilo la Ozi ndilo masimulizi yanalolitaja kuwa lina kaburi la Fumo Liyongo, na Shaka, mji walikotoka Washaka wa Mombasa, ulikuwa pande hizo. Witu yenyewe ukiipita haraka utaona soko, miembe na bodaboda. Lakini hapa ndipo Ahmad Simba, wa ukoo wa Wanabahani waliotawala Pate, alipokimbilia kuepuka mkono wa sultani wa Zanzibar. Akawakaribisha watumwa waliotoroka mashambani, na mwaka 1885 akafanya mkataba na Wajerumani. Mwaka 1890 Wajerumani wakaukabidhi usultani wake kwa Waingereza kwa mkataba uliotiwa sahihi Ulaya, na mwaka huo huo Waingereza wakaja na majeshi kuuteketeza mji. Watu wa Witu hawakuulizwa, kama vile ambavyo miaka 38 baadaye watu wa Mvita hawangeulizwa kuhusu lugha yao.

Mokowe ndipo barabara inapoishia. Tuliliacha gari kwenye uwanja wa maegesho, tukashuka gatini. Nahodha wa mashua alitutazama na mizigo yetu, akatazama bahari, akasema, "Mai yamekupwa, mzee." Nilikaa juu ya begi langu nikangoja maji yajae. Nilihisi kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Lamu haina magari ya kusumbua, ina punda, na mji wake wa kale umo katika orodha ya Unesco tangu 2001. Huko ng'ambo ya kisiwa, katika kijiji cha Matondoni kinachosifika kwa kuunda majahazi, ndiko alikozaliwa Ahmed Sheikh Nabhany mwaka 1927. Mzee Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alitunga Sambo ya Kiwandeo, utenzi kuhusu uundaji wa vyombo, na alichimba ndani ya lahaja za kaskazini ili kuipa lugha nzima maneno mapya. Neno runinga, ambalo magazeti yetu hulitumia kila siku, linahusishwa naye. Kwa hiyo tumekunywa kisimani mwa Kiamu huku tukiwaadhibu watoto wa Kiamu kwa kuchota maji yale yale.

Tena kuna unafiki mwingine ambao sisi walimu tunaujua vizuri. Katika karatasi ya tatu ya mtihani wa kidato cha nne, ile ya fasihi, mtahiniwa akikuta "mato" au "ndia" ndani ya shairi hutarajiwa kusema kwamba mshairi ametumia idhini ya kishairi, naye huvuna alama. Katika karatasi ya kwanza, ile ya insha, akiyaandika mwenyewe hupoteza alama. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu 1840, hakuomba idhini kwa mtu. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemwandikia bintiye utendi mwaka 1858, hakuwa akikiuka sarufi ili apate vina. Waliandika jinsi walivyosema nyumbani.

Sitetei tuache Kiswahili sanifu. Bila hicho, makala haya yangesomwaje Busia, Garissa na Kigoma? Mtoto wa Lamu anastahili kukijua kikamilifu, na mwalimu anapaswa kumfundisha. Tatizo ni neno "kosa". Siku hizi, mwanafunzi wangu akiniandikia umbo la lahaja katika kazi rasmi, simpigii mstari mwekundu. Naandika pembeni: "Kiamu, sanifu ni njia." Inachukua sekunde 5 zaidi. Nawaomba wenzangu walio madarasani, hasa sisi watu wa bara tulio wengi katika kazi hii, wajaribu. Mwalimu atahitaji kujua kanuni tatu au nne za sauti, nazo nimekwisha kuzitaja hapo juu.

Asubuhi ya kuondoka, binti yangu alitaka kununua mikate ya mofa ya kula njiani. Alikuwa amesoma mahali kwamba barabara kuu ya mji wa Lamu inaitwa Harambee Avenue, jina la kiserikali. Akamuuliza mzee mmoja aliyekuwa ameketi mlangoni mwa duka lake iliko.

"Uko yuu yake, mwanangu," mzee akamwambia. "Lakini sisi twaiita Usita wa Mui."

Usita ni njia. Mui ni mji. Binti alinigeukia akitabasamu, na sikuhitaji kumfafanulia. Mzee akanikaribisha kiti, akauliza tumetoka wapi na mimi hufanya kazi gani. Nikamwambia nafundisha chuo kikuu.

"Wafundisha nini?"

"Kiswahili."

"Mashallah," akasema. Akanyamaza kidogo akipanga makopo yake, kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "Cha wapi?"

Nilianza kumjibu mara mbili nikaacha. Alikuwa mvumilivu, akaningoja. Punda waliobeba mawe ya kujengea walipita katikati yetu, ikabidi tujibanze ukutani. Walipokwisha kupita nilimsimulia habari ya yule mvulana wa insha, yote, pamoja na jibu nililompa. Hakunilaumu wala hakunifariji. Aliniuliza jina la shule na mwaka, akafikiri, akasema kwamba vijana kadhaa wa huko walisomea bara miaka hiyo, na wengine wamerudi, wamekuwa watu wazima wenye watoto wao shuleni.